Miche Iliyolala Katika Friji Yetu

Mwaka huu ofisi yetu ya Parramatta, hapa Sydney, imeleta mti wa Krismasi ulio hai, umewekwa ndani ya chungu kando ya lifti. Kila anayepita anavuta pumzi na kusema unanukia sikukuu. Mimi nilivunja jani moja, nikalisugua kati ya vidole, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimekunja ngumi. Harufu ile ya ganda la chungwa lililochanganyika na mafuta ya kusafishia rangi si harufu ya sikukuu kwangu. Ni harufu ya hasira. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nina mzio. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu kumweleza kungechukua mchana mzima.

Tulikuwa tunakaa Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, kwenye nyumba za serikali, wazazi wangu na mimi. Wao ni watu wa milima ya Kivu. Walipita kwenye kambi ya wakimbizi, mimi nikazaliwa huko kambini, na tulipoletwa Australia nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Papa alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Mama alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa Liverpool, mtaa wa jirani. Papa hakuwahi kulalamika juu ya nchi hii, lakini joto la Campbelltown lilimtesa. Siku za Januari alikuwa anakaa sakafuni bafuni, mgongo kwenye vigae, anasimulia habari za ukungu wa kwao kama mtu anayesimulia chakula akiwa na njaa.

Kanisa letu ni lile ambalo Wakongo, Warundi na Wakenya husali pamoja kwa Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake. Siku moja lilipanga safari ya kwenda nyanda za juu, kwenye mji mdogo wa kusini ambao treni yake huanzia hapohapo kwetu. Joto la Sydney lilikuwa bado halijaisha, ila kule juu watu walikuwa wamevaa masweta na ukungu ulikuwa umekaa kwenye mapaa. Papa alishuka kwenye treni akasimama tu, mikono imening'inia, anaupokea ukungu kwa uso mzima. Alimwambia Mama kwamba tangu wafike nchi hii, hii ndiyo baridi ya kwanza inayomjua.

Tulipokuwa tunatembea mitaani alisimama kwenye ua wa nyumba moja na hakutaka kuendelea. Ndani palikuwa na msonobari usio mrefu sana, matawi yake yamepangana kama rafu, majani yake ya kijani kibichi kwa juu na ya rangi ya fedha kwa chini, upepo ukipita mti mzima unabadilika rangi. Na juu ya matawi zilisimama koni za zambarau, zimesimama wima, hazining'inii kama za misonobari mingine. Mwenye nyumba alitoka. Alikuwa mama mzungu mwembamba, mjane, jina lake Dorothy, nasi tukamwita Mama Doroti. Papa alimwonyesha kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno kwamba anauomba mti ule, si wote, mwanzo wake tu. Yule mama alicheka, akaleta ngazi fupi, wakachuma koni pamoja. Alimwambia amechelewa kidogo, kwamba koni za mti huu hazidondoki nzima, zikikomaa zinavunjikia hukohuko juu na mbegu zinapeperuka.

Kweli, baada ya siku chache koni zilisambaratika zenyewe juu ya gazeti sebuleni, magamba huku, mbegu kule, kila mbegu na ubawa wake mwembamba, na nyumba nzima ikajaa ile harufu. Papa alizipanda mara moja. Hazikuota. Mwaka uliofuata alirudi kwa Mama Doroti kuchuma nyingine, akaambiwa kosa lake: mbegu hizi haziamki mpaka ziwe zimepitia baridi ndefu zikiwa na unyevu, na baridi ya Campbelltown haitoshi kumwamsha mtu yeyote. Akachukua mkebe wa aiskrimu, akatia mchanga mbichi, akachanganya mbegu, akafunika, akaweka ndani ya friji ya Mama, pembeni ya sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Unaweka udongo na chakula changu?" Mama aliuliza.

"Si udongo. Ni mchanga. Nimeuosha."

"Na hizo mbegu zinafanya nini humo?"

"Zimelala. Uziache zilale."

Hapo ndipo mimi, mtoto wa miaka mitano, nilipoelewa kila kitu vibaya. Mama alikuwa akirudi kazini anamwambia Papa kwamba leo bibi fulani amelala, wamempeleka kwenye friji. Nilijua maana ya kulala kwa namna hiyo. Kwa hiyo nilijua kwamba mbegu za Papa zilikuwa zimekufa, na kwamba tulikuwa tumepewa jukumu la kuzihifadhi hadi ndugu zao wafike kuzichukua. Nilipofungua friji kutafuta maziwa nilinong'ona, nikafunga taratibu. Nilikuwa naziombea. Na baridi ilipoisha, Papa akazitia kwenye makopo ya mtindi, akayaweka kivulini nyuma ya nyumba, na wiki chache baadaye vikachomoza vijiti vyekundu, kila kimoja kimebeba ganda la mbegu kichwani kama kofia. Kofia zikadondoka, vijani vikafunguka kama nyota ndogo. Jumapili ile nilisimama mbele ya watoto wenzangu kanisani nikatangaza kwamba papa yangu anafufua wafu kutoka kwenye friji. Walimu walicheka hadi wakatokwa na machozi. Mimi sikuelewa kinachochekesha.

Miche mingi ilikufa mapema. Shina lilikuwa linaoza pale linapogusana na udongo, na asubuhi unakuta mche umelala chini. Papa akajifunza kumwagilia kwa kijiko. Ikabaki dazeni moja. Hiyo dazeni ilikuwa na safari zake: kila Desemba, kabla ya joto kali, Papa aliipakia kwenye boksi la ndizi, tukapanda treni, tukaipeleka kwa Mama Doroti, ikapita kiangazi chini ya kivuli cha mti mama. Majira yakigeuka tunaifuata. Mama Doroti naye alikuja kwetu. Alikula ugali na sombe kwa mkono, akafungua friji yetu mwenyewe ili aone mkebe wa mbegu za msimu mwingine, akacheka, akampiga Papa begani. Mimi nilimpenda. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu bila hilo hasira yangu haina uzito.

Msonobari wa aina hii haukui haraka. Baada ya miaka minne miche ilikuwa na urefu wa shibiri, na kila mmoja ulikuwa na umbo lake. Papa aliijua kama watoto: huyu amepinda, huyu mnene, huyu anataka jua la asubuhi tu. Mama Doroti ndiye aliyemwambia kwamba chama cha watunza bustani cha mji wao kina maonyesho, na kuna meza ya miti iliyooteshwa kwa mbegu. Papa alivaa suti yake ya harusi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilibeba boksi upande mmoja, yeye upande mwingine, Mama akiwa kazini. Ukumbini tulipanga miche kwenye kitambaa cheupe, Papa akafuta makopo ya mtindi kwa leso hadi yakang'aa.

Mwenyekiti wa kile chama aliitwa Graham. Alikuwa na kitalu cha miche pembezoni mwa mji na alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti. Upole ule ndio unaoniudhi zaidi nikikumbuka. Alipita mezani, akarudi, akainua mche mmoja, akaugeuza, akatazama chini ya majani.

"Hii umeinunua wapi?" alimuuliza Papa.

"Si kununua," Papa alimjibu kwa Kiingereza chake. "Mbegu. Friji yangu."

Watu waliokuwa karibu walicheka kidogo. Bwana Graham hakucheka. Alisema, kwa ile sauti ya hospitali, kwamba kipindi cha baridi trei ya miche kama hii ilipotea kitaluni kwake, aina hii hii, umri huu huu. Alisema hamlaumu mtu yeyote. Alisema labda kuna mtu alimuuzia Papa bila yeye kujua imetoka wapi. Kisha akauliza kama Papa ana risiti.

Risiti ya mbegu alizochuma juu ya ngazi. Risiti ya kijiko cha maji.

Papa aligeuka akamtafuta Mama Doroti, na mimi nikageuka naye. Alikuwa kwenye meza ya chai, hatua chache tu kutoka tulipo, na alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anakoroga chai. Aliendelea kukoroga. Halafu akaweka kikombe chini akaingia jikoni.

Moyo wangu ulitulia kabisa. Nilijua ameenda kuleta ushahidi. Nilifikiri jikoni kuna mlango wa nyuma, kwamba amekwenda mbio nyumbani kwake kukata tawi la mti mama, arudi alilaze mezani karibu na watoto wake ili kila mtu aone wanavyofanana. Nilimwambia Papa kwa sauti ndogo, "Subiri, anakuja." Nilitazama mlango ule bila kupepesa.

Alirudi na jagi la maziwa.

Bwana Graham alipendekeza miche ibaki ukumbini mpaka mambo yajulikane. Papa alisema, "Sawa." Nikasema, kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa ukumbi, kwamba ni yetu, kwamba ililala kwenye friji yetu. Papa akanishika bega.

"Nyamaza, Sifa."

"Lakini Papa, si ni yako?"

"Nimesema nyamaza. Twende."

Tulirudi Campbelltown na boksi tupu la ndizi. Abiria mmoja aliuliza kama anaweza kuweka miguu juu yake. Papa akamruhusu.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza maswali mafupi: nani alisema nini, nani alikuwepo, Mama Doroti alikuwa amekaa wapi. Papa alimwomba aache. "Tumekimbia bunduki," alisema, "hatuwezi kuanza vita hapa kwa ajili ya majani. Tukijulikana ni watu wa ugomvi, itatufuata."

"Na tukijulikana ni wezi?" Mama aliuliza. "Hiyo haitatufuata?"

Papa akaenda kulala. Watu wazima wengi waliosikia habari ile kanisani walikuwa upande wake. Walisema sisi ni wageni. Walisema Mungu anaona. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka kuwauliza, kama Mungu anaona, kwa nini Mama Doroti haoni, na yeye alikuwa karibu zaidi na meza.

Mkutano wa chama uliofuata ulikuwa Jumamosi ambayo Papa alikuwa na shifti. Mama alinivalisha vizuri, naye akavaa kitenge chake cha bluu na kilemba, tukapanda treni. Kiingereza chake kilimtosha kazini kabisa. Lakini hasira yake ilikuwa ya Kiswahili, na hakutaka ipungue njiani.

"Utatafsiri ninavyosema," aliniambia kabla hatujaingia. "Usiongeze sukari."

Walikuwa wamekaa kwenye viti kwa duara, kama ishirini hivi, wakizungumzia wadudu wa waridi. Mama alisimama katikati, akasubiri hadi wakanyamaza.

"Waambie, mimi ni Mama Sifa. Mume wangu anaitwa Yakobo. Ameotesha ile miche kwa mikono yake, na mbele ya watu mmemfanya mwizi."

Nilitafsiri. Bwana Graham akainuka kidogo kwenye kiti, akasema hakuna aliyetumia neno hilo.

"Mwambie sikuja kwa ajili ya neno. Nimekuja kwa ajili ya miche. Na sikuja kuzungumza na yeye." Mama akageuka. Mama Doroti alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono juu ya mkoba. "Mama. Ulikula kwangu. Ulikaa kwenye kiti changu. Ulifungua friji yangu kama mtu wa nyumbani, na mimi nikafurahi, nikasema huyu ni wa kwetu. Ile miche imelala kwako kila kiangazi. Sikuombi utupende. Sema tu ulichokiona."

Nilipomaliza kutafsiri, mtu mmoja alikohoa. Mama Doroti aliinuka polepole. Alisema koni zilitoka kwenye mti wake, kwamba alizichuma pamoja na mume wa mama huyu, na kwamba ameiona miche hii ikikua tangu ikiwa na urefu wa kucha. Akasema alipaswa kusema siku ile. Hakusema kwa nini hakusema. Mpaka leo sijui, na nimeshakataa kumtafutia sababu. Labda Graham alikuwa jirani mzuri. Labda alikuwa anamkatia nyasi za uani. Zote ni sababu ndogo kuliko jina la mtu.

Bwana Graham alikuwa mwekundu hadi masikioni. Aliangalia karatasi zake akasema, basi, kumekuwa na kutoelewana.

"Amesema nini?" Mama aliniuliza.

"Amesema hatukuelewana."

Mama alimgeukia. "Mwambie tulielewana vizuri sana."

Nilimwambia. Sijawahi, kabla ya hapo wala tangu hapo, kutafsiri sentensi kwa raha kama ile.

Miche ililetwa kutoka stoo. Bwana Graham alikuwa ameshaitoa kwenye makopo yetu ya mtindi na kuitia vyungu vyeusi vya kitalu chake, kila kimoja na kibandiko cha jina la biashara yake. Mpaka mambo yajulikane, alisema, na huku ameshaibandika. Hakuomba radhi. Mama mmoja mnene alitukaribisha keki, Mama akamwambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba tumeshiba.

Mama Doroti alitufuata hadi stesheni, anahema. Alilia. Alisema kiangazi kinakuja, kwamba kivuli cha mti mama kipo, kwamba miche irudi kwake kama siku zote, tafadhali.

"Mwambie hapana," Mama alisema.

"Mama, jua..."

"Tafsiri."

Papa aliporudi kutoka kazini aliikuta imepangwa nyuma ya nyumba. Alipiga magoti akaanza kuitoa mmoja mmoja kwenye vile vyungu, akang'oa vibandiko, akairudisha kwenye makopo. Hakumshukuru Mama na hakumgombeza. Aliposikia alivyomkataa Mama Doroti, aliweka chini kopo alilokuwa nalo mkononi.

"Jua la hapa litaiua," alisema.

"Najua," Mama akajibu.

Na jua likaiua. Kile kiangazi kilikuwa kikali kuliko vyote ninavyovikumbuka. Papa alitundika mashuka mabichi, akaihamishia bafuni mchana, akapanga chupa za barafu kati ya makopo. Majani yalianza kuwa na rangi ya kutu kwenye ncha, halafu yote, halafu ukigusa yanamwagika. Kila mche ulipokufa aliupeleka mwenyewe kwenye pipa la taka. Sijawahi kusikia mtu akiweka mfuniko wa pipa taratibu namna ile. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kisa hiki kiliisha vizuri kwa kuwa tulirudishiwa mali yetu. Tulirudishiwa mali yetu bila mahali pa kuiweka. Wale watu wa kwenye duara walirudi kwenye wadudu wa waridi, na sisi tukaachiwa tuchague: heshima ya Mama au miche ya Papa. Hakuna aliyewahi kuwapa wao uchaguzi kama huo kati ya chai yao na kitu chochote.

Mmoja ulipona. Papa Eliya, Mrundi tuliyekuwa tunasali naye, alikuwa anahamia mji wa baridi huko bara, safari ya saa nyingi kwa gari, kufanya kazi kiwanda cha nyama. Papa alimpa uliobaki ukiwa na majani upande mmoja tu, akamweleza yote ya kufanya, akamwambia asijali ukifa.

Mwaka jana, Papa akiwa ameshastaafu kwa sababu ya mgongo, niliwapeleka kwa gari wazazi wangu wote wawili kumtembelea Papa Eliya. Mti umepita paa la nyumba yake. Upande uliokuwa mtupu umejaa. Papa alizunguka shina mara kadhaa, akiweka kiganja hapa na pale, kisha akainama chini ya matawi akabaki humo, tukaona miguu yake tu. Familia ya Papa Eliya ilileta viti nje na chai. Wakaomba, wakaimba, wakamshukuru Mungu kwa mti. Papa Eliya akamgeukia Mama, amefurahi, akamwambia ona sasa, Mungu amelipa, yale ya zamani yamekwisha.

Mama alikuwa amesimama na kikombe chake mkononi, uso ameuinua kuelekea kileleni.

"Kwa huu namshukuru," alisema. "Kwa ile mingine, bado nina hasira."

Kisha akavuta kiti chake akakiweka kivulini, akakaa.